Kamba wa Mti: Jinsi Wajapani Walivyovumbua Chambo cha Ngisi

Somo la leo ni la bahari. Juma lililopita tulizungumza habari za jahazi na pepo za msimu. Leo twaingia katika kitu kidogo, kitu kinachoenea katika kiganja cha mkono: kamba wa bandia wa kuvulia ngisi. Nasema kamba yule wa kuliwa, si ile kamba ya kufungia mbuzi. Mzee mmoja aliwahi kunisikiliza nusu saa nzima akidhani nasema habari za kamba ya nazi, na tangu siku ile huanza kwa kueleza.

Chambo hiki huitwa kwa Kijapani "egi", maana yake ni chambo cha mti. Asili yake ni kusini ya Japani, katika visiwa vya Amami na nchi ya Satsuma, ambayo siku hizi ni sehemu ya jimbo la Kagoshima. Amami iko zaidi ya kilomita 300 kusini ya mji wa Kagoshima. Bahari yake ni ya joto, ina miamba ya matumbawe kama yetu, na ngisi wake mkubwa wa kando kando ya miamba ni wa jamaa moja na ngisi wanaovuliwa pwani ya Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo mvuvi wa Pemba akipelekwa Amami hatakuwa mgeni sana.

Hadithi ya asili ya chambo hiki husimuliwa hivi. Mvuvi mmoja alikuwa baharini usiku, amewasha mwenge. Kipande cha mti uliokuwa ukiwaka kikaanguka majini. Mara ngisi akaja akakikumbatia kile kipande kilichoungua. Yule mvuvi akafikiri, akaenda kwake akachonga mti mfano wa samaki, akauunguza motoni, akautia ndoano.

Je, hadithi hii ni kweli? Hapa ndipo kazi ya historia inapoanza. Mwaka 1609 mabwana wa Satsuma walivishinda visiwa vya Amami na kuvitwaa. Kuanzia katikati ya karne ya 18 watu wa Amami walilazimishwa kulipa kodi kwa sukari ya miwa, na mwaka 1830 Satsuma ikaifanya biashara yote ya sukari ya visiwa kuwa mali yake peke yake. Mkulima alikatazwa kuuza hata kidogo kwa mtu mwingine. Basi makarani waliandika habari za sukari, kwa kuwa sukari ilikuwa fedha. Nani angejishughulisha kuandika juu ya kijiti cha mvuvi maskini? Ndiyo sababu habari ya chambo imekuja kwetu kwa midomo ya watu, na kwa vyambo vyenyewe vilivyohifadhiwa.

Vyambo hivyo husema. Vile vya zamani ni vya mti uliochomwa kwa moto mpaka ukawa mweusi au wa rangi ya kahawia. Hili laafikiana na hadithi ya mwenge, ingawa halithibitishi. Huenda watu waliona chambo cheusi kwanza, kisha wakatunga hadithi ya kueleza weusi wake. Mimi naelekea upande huu wa pili, lakini simlazimishi mtu. Pia vyambo vya kale vilichongwa mfano wa samaki. Umbo la kamba, lenye mgongo uliopinda na pua iliyoinuka, lilikuja baadaye.

Ushahidi ulio bora zaidi uko chini ya kidevu cha chambo. Mti huelea, na chambo kinachoelea hakimfai mvuvi wa ngisi. Ilihitajiwa chubwi. Wavuvi wale walitumia fedha za shaba za zamani, zile zenye tundu katikati, wakaipachika sarafu wima chini ya kifua cha chambo. Wazee wetu wataikumbuka senti ya tundu ya Afrika ya Mashariki. Fedha ya Kijapani ilifanana nayo, ila tundu lake lilikuwa la pembe nne. Sarafu iliyoenea sana iliitwa Kan'ei, nayo ilianza kutolewa kwa wingi mwaka 1636. Tukiona chambo chenye sarafu hiyo twajua hakikutengenezwa kabla ya sarafu kuwapo. Lakini tujihadhari: sarafu hizo zilitengenezwa kwa zaidi ya miaka 200, na mvuvi aweza kutumia fedha ya babu yake. Sarafu yatuambia mwanzo tu, haituambii mwisho.

Baadaye risasi ikachukua mahali pa sarafu, kwa kuwa risasi hukatwa kwa kisu na kupigwa kwa nyundo hadi ipate umbo la kisu chembamba. Chubwi ya namna hii hufanya kazi mbili: huzamisha chambo, na hukata maji hata chambo kisilale ubavu.

Sasa tutazame jinsi kinavyofanya kazi. Ngisi ana mikono minane na minyiri miwili mirefu. Akiona kamba, humkaribia polepole, kisha hurusha ile minyiri miwili na kumvuta kinywani penye mdomo kama wa kasuku. Kwa kawaida hushambulia kamba anapozama, si anapokimbia. Kwa hiyo siri yote ya chambo hiki iko katika kuzama kwake. Mvuvi huvuta mshipi kwa nguvu, chambo huruka juu kama kamba aliyeshtuka; kisha huacha, nacho huteremka taratibu, pua chini, mkia juu. Mkiani ndiko kuliko ndoano, lakini si ndoano kama ya changu. Ni sindano nyingi nyembamba zilizopangwa kama mbavu za mwavuli uliogeuzwa, safu mbili, zote zaelekea juu, wala hazina kile kijino cha kumzuia samaki asichomoke. Nyama ya ngisi ni laini, kijino kingeichana. Basi mvuvi akilegeza mshipi kidogo tu, ngisi huondoka zake na kumwachia wino.

Katika karne ya 20 chambo kilivishwa nguo. Kitambaa hufunikwa juu ya karatasi inayong'aa, ya dhahabu, fedha au nyekundu, na ngisi akishika kitambaa haoni ugumu wa mti mara moja. Kisha viwanda vikaja na miili ya plastiki. Tangu miaka ya 1990 vijana wa Japani wameufanya uvuvi huu kuwa mchezo wa pwani nzima, kwa fimbo nyepesi na mishipi myembamba iliyosukwa. Rangi za vitambaa sasa hazihesabiki. Nami hucheka kidogo, kwa kuwa wataalamu wamegundua ya kwamba macho ya ngisi walio wengi hayatofautishi rangi kama yetu. Yeye hutambua mwanga na giza. Nadhani rangi nyingine humnasa mnunuzi kwanza.

Jambo moja la kale limebaki. Ukubwa wa vyambo bado huhesabiwa kwa kipimo cha zamani cha Kijapani kiitwacho "sun", ambacho ni sentimeta 3 na kidogo. Chambo cha namba 3.5 kina urefu wa sentimeta 10 na nusu hivi. Walio madukani wengi husoma namba hiyo wasijue wanasoma kipimo cha maseremala wa kale.

Na desturi ya kukirekebisha chambo haikufa. Chambo cha kawaida cha namba 3.5 huzama meta moja kwa sekunde 3 au zaidi kidogo. Mkondo ukiwa mkali, mvuvi huzungushia uzi wa risasi kwenye chubwi. Maji yakiwa haba juu ya mwamba, huipiga tupa chubwi au kuitoboa, chambo kikazama kwa sekunde 5 au 6 kila meta. Lakini hapa wengi hukosea. Risasi ikiongezwa mbele mno, chambo huanguka kama jiwe, pua chini kabisa. Ikiongezwa nyuma, mkia huzama kwanza na sindano hunasa matumbawe. Uzito lazima ukae pale pale ulipokuwa, kushoto sawa na kulia. Na kila chambo kinachokatika hubaki mwambani na risasi yake na plastiki yake, mahali ambapo ngisi angetaga mayai. Ngisi huyu huishi mwaka mmoja hivi tu. Msimu mmoja wa mayai ukiharibika, hakuna ngisi wakubwa wa mwaka uliopita wa kuziba pengo.

Kazi ya kikundi ni hii. Maji yana kina cha meta 6. Chambo chazama meta moja kwa sekunde 3. Kitafika chini baada ya sekunde ngapi? Naam, 18. Basi mvuvi ahesabu mpaka 16, avute. Sasa aongeze risasi, kizame meta kwa sekunde 2. Avute akihesabu ngapi? Jadilianeni, na anayejua kuchonga alete kijiti chake, akijaribu katika ndoo ya maji ya chumvi, si ya kisima, kwa kuwa maji ya chumvi huelesha zaidi.

Juma lijalo, wakati kama huu, tutasoma habari za karabai na uvuvi wa dagaa. Kwaherini.