Kushindilia na kukamua

Ala ya kompyuta mara nyingi huanza na ala halisi: piano hurekodiwa noti kwa noti, kisha sampuli hizo hufungwa katika faili moja ambayo programu huipiga. Faili huwa kubwa mno, basi hupunguzwa. Sisi husema tu "imebanwa", kumbe kazi ni mbili.

FLAC, mfumo mmoja wa kupunguza faili za sauti, hushindilia. Ni pamba guniani: unaikanyaga ikae, ukifungua gunia yote imo, haikupungua hata uzi. Vorbis, mfumo mwingine, unaotumika katika faili za ala za sf3 za programu ya muziki ya MuseScore, hukamua. Huacha yale ambayo sikio haliyashiki kirahisi, na kilichoachwa hakirudi. Nani aliwahi kuchanganya tui na chicha akapata nazi?

Wapo wanaosema "kukandamiza". Silipendi; limezoea siasa mno, nalisikia rungu kabla ya muziki.

Kwa ngoma, ambayo pigo lake la kwanza ndilo roho yake, ningeshindilia tu. Kinanda cha kujifunzia kwenye kompyuta yenye nafasi ndogo? Kamua.