Waraka na Ngoma: Sauti ya Mwanamke kutoka Kilwa hadi Rondo

Wapo wasemao kuwa mwanamke wa mwambao wetu alipata sauti ya utunzi pale tu alipofunguliwa mlango wa skuli. Historia haiwaungi mkono. Barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na kupelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao, huhesabiwa miongoni mwa maandiko ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyosalia. Leo zimehifadhiwa Goa, Bara Hindi. Miongoni mwa wenye barua hizo ni Mfalme Fatima binti Muhammad, aliyeitawala Kilwa, na bintiye Mwana Nakisa. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, naye alimtungia bintiye utendi wa nasaha.

Mabibi hao walikuwa na nasaba, wino na faragha. Je, aliyekosa vyote vitatu alipitia wapi?

Alipitia ngomani. Ukitoka Lindi mjini ukapanda bara, utafika uwanda wa juu wa Rondo, katika nchi ya Wamwera. Huko, kama kwa majirani zao Wayao na Wamakonde, mwari hufundwa unyagoni, na somo lake ni wimbo. Kungwi hasemi jambo waziwazi. Hulifumba, na mwari hana budi kulifumbua. Ajuaye kufumba amekwisha kuijua nusu ya kazi ya mshairi.

Fumbo hilo lilivuka bahari. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya biashara ya watumwa, na wengi wa waliotolewa kusini waliletwa Unguja. Walinyang'anywa kila kitu, lakini ngoma haipokonyeki. Unyago wa kisiwani kwetu una asili yake kwao. Bi Kidude aliupiga na kuuimba hadi uzeeni mwake, akafariki mwaka 2013. Kabla yake, Siti binti Saad, ambaye hakusoma skuli, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake kwenye sahani za santuri.

Basi sauti haikukosekana. Kilichokosekana ni karatasi, na pamoja na karatasi, jina. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliitungia utenzi Vita vya Maji Maji, na jina lake tunalo. Makungwi walioishi zama za vita hivyo nao walitunga, lakini nyimbo zao zimebaki bila wenyewe.

Dawa si kuzichapa nyimbo za unyago kitabuni. Zina mwiko wake, na anayezitoa hadharani bila idhini ya wenyewe ni mwizi hata akiitwa mtafiti. Kinachoruhusiwa kurithiwa na kila mtu ni ufundi. Penina Muhando alilionyesha hilo katika tamthilia yake Nguzo Mama ya mwaka 1982: alimchukua msimulizi wa hadithi, akampandisha jukwaani kwa jina la Bi Msimulizi, naye akasema mambo ya zama zake.

Binti wa Rondo anayeshika kalamu leo hana haja ya kuazima sauti ya mtu. Aanze na fumbo alilorithishwa, alitie jambo lake mwenyewe, kisha chini ya ukurasa aandike jina lake kamili.