Adipokini: Homoni za Shahamu

Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, iligundua jeni iliyoharibika katika panya waliokuwa wakila bila kushiba. Jeni hiyo ikiwa nzima hutengeneza leptini, homoni inayotoka kwenye seli za mafuta zenyewe kwenda kuuambia ubongo kuwa akiba inatosha. Mafuta ya mwili, basi, si akiba tu. Hutuma ujumbe hadi kwenye ini, misuli na mishipa ya damu, na protini zinazoubeba huitwa adipokini, kutokana na Kilatini *adeps*, shahamu, na Kigiriki *kinein*, kutia mwendo.

Kwa Kiswahili wapo watakaoziita "vichocheo vya mafuta". Mimi silipendi jina hilo. Mafuta kwetu ni ya kupikia, ya taa, ya gari. Shahamu ni ya mwilini: ndiyo ile nyeupe inayofunika figo za mbuzi anapopasuliwa. Tena si adipokini zote zinazochochea. Mojawapo, adiponektini, kazi yake kubwa ni kutuliza. Kwa msomaji wa kawaida naandika "homoni za shahamu". Daktari abaki na adipokini.

Shahamu iliyo hatari kwa moyo ni hasa ile ya ndani ya tumbo, inayozingira utumbo. Seli zake zikijaa kupita kiasi, huvamiwa na seli za kinga, na mwili mzima ukawa kama wenye kidonda kisichopona. Kuta za ateri huathirika, lehemu ikapenya na kujikusanya humo. Leptini ikizidi huamsha neva zinazopandisha shinikizo la damu. Adiponektini, ambayo huzilinda kuta hizo, hupungua kadiri tumbo linavyoongezeka. Ndiyo maana utafiti wa INTERHEART, uliofanywa katika nchi 52, ulikuta kwamba kulinganisha kiuno na nyonga kunaonyesha hatari ya shambulio la moyo vizuri kuliko kulinganisha uzito na urefu. Futi kamba ya fundi cherehani inatosha kwa kipimo hicho.

Magazeti yamezoea kuiita adiponektini "homoni nzuri". Tuliepuke jina hilo pia. Kwa wagonjwa ambao moyo wao umeshaanza kushindwa kusukuma damu, wenye adiponektini nyingi ndio wanaofariki zaidi, na watafiti bado wanabishana kama homoni hiyo inawadhuru au inapanda ikijaribu kuwaokoa.