Kidokezi: Jina Lenye Uzito wa Ushahidi Wake

Kijikaratasi cha maelezo kwa wagonjwa kimefika mezani kwangu hapa Mbalizi kikiwa na kichwa hiki: "Viashiria vya Tishu vya Kutabiri Tabia ya Uvimbe wa Tezi ya Kamasi." Nimekisoma na kukirudia nikitafuta pa kukitetea, nimepakosa. Ndani ya kichwa kimoja mna makosa manne ya istilahi, na kila moja linampotosha msomaji kwa namna yake. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba maneno hayo yametoka kwenye orodha iliyokwisha kupitishwa na kamati, na kwamba mjadala umefungwa. Mjadala upi, ikiwa haujawahi kufunguliwa? Istilahi haihalalishwi na muhuri. Inahalalishwa na uwezo wake wa kubeba dhana bila kuipunguza wala kuizidishia.

Nianze na kamasi, kosa jepesi kuliko yote. Aliyetafsiri jina pituitary amefuata asili yake ya Kilatini, akakuta pituita ni kohozi au kamasi, akadhani amefikia kiini cha jambo. Alichofikia ni kosa la kale. Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, aliamini kwamba taka za ubongo huteremka kupitia tezi hii hadi puani, zikatoka zikiwa kamasi. Vesalius, mwaka 1543, aliiendeleza imani hiyohiyo. Karne ya 17 wachunguzi walionyesha kwamba kamasi hutengenezwa na utando wa pua wenyewe, na imani ikafa. Jina likabaki Ulaya kwa mazoea. Mwaka 1778 Samuel Thomas von Soemmerring aliunda jina jingine kwa Kigiriki, hipofisi, yaani kitu kilichomea chini, kwa kuwa tezi hiyo inaning'inia chini ya ubongo. Sisi tumeingia katika mazungumzo haya baada ya kosa kusahihishwa. Kwa nini tulirithi upya na kulipa makazi katika Kiswahili? Pituitari, kwa tahajia yetu na irabu yetu mwishoni, inatosha. Haimwambii mtu uongo.

Neno tezi nalo linataka uangalifu katika nyanda hizi. Nyanda za Juu Kusini zilisumbuliwa muda mrefu na upungufu wa madini joto, na uvimbe wa shingo ulikuwa jambo la kawaida kabla chumvi yenye madini hayo haijaenea madukani. Mwambie mzee wa Umalila au wa Isangati "uvimbe wa tezi", na mkono wake utakwenda shingoni kabla hujamaliza sentensi. Tezi tunayoizungumzia haizidi njegere kwa ukubwa, ina uzito wa takriban nusu gramu, na imekaa ndani ya fuvu nyuma ya pua, kwenye kishimo cha mfupa ambacho wanaanatomia walikiita tandiko la Kituruki. Ndiyo maana nasisitiza uvimbe wa pituitari, na neno tezi lije mara moja tu, katika maelezo.

Kosa la pili ni tabia. Watetezi wake hunikumbusha kwamba shuleni tulisoma tabia za metali na tabia za gesi. Mfano huo unawaangusha wao wenyewe. Tabia ya metali ni sifa iliyotulia: shaba hupitisha umeme leo, na itaupitisha kesho. Anachotaka kujua daktari wa upasuaji kuhusu uvimbe wa pituitari si sifa iliyotulia. Anataka kujua kama utakua upesi au polepole, kama utapenya kwenye mishipa ya damu iliyo pembeni, kama utarudi baada ya kuondolewa, na kama, kwa nadra sana, utasambaa mwilini. Hayo ni mambo yanayojitokeza kadiri muda unavyokwenda. Kiswahili kina neno lake, mwenendo, lililozaliwa na kitenzi -enda, na ndani yake mna safari na wakati. Sihitaji kamati kuniruhusu kulitumia.

Kosa la tatu, kutabiri, ni zito zaidi. Kitenzi hiki kilitufikia kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni ufasiri wa ndoto, na hata leo tunasema kutabiri ndoto. Katika mji wenye makanisa mengi kama Mbalizi, anayetabiri ni nabii, na neno la nabii halina asilimia wala kiwango cha makosa. Wengine, wanaojiona wamepiga hatua, wameleta "alama bashiri". Nawaomba wafuate asili ya neno lao: kwa Kiarabu, kubashiri ni kuleta habari njema, na si kila jibu la maabara ni habari njema. Nawaomba pia wapite kwenye kibanda chochote kando ya barabara kuu ya Tunduma wasome kubashiri kunamaanisha nini kwa vijana wa leo: kuweka pesa kwenye matokeo ya mechi. Hilo ndilo neno la kumpa mama anayesubiri jibu la kinofu, yaani kipande cha tishu, cha mwanawe?

Sasa nifike kwenye kiini, yaani kosa la nne, kiashiria. Kuashiria na ishara ni ndugu. Asili yao ni kunyoosha mkono kuelekea kitu kilichopo. Viashiria vya umaskini huonyesha umaskini uliopo. Ukiyapanga maneno yetu ya ushahidi kwa uzito, utapata ngazi iliyo wazi: kuthibitisha, kubainisha, kuashiria, kudokeza. Anayethibitisha amemaliza ubishi. Anayebainisha ametenganisha hiki na kile. Anayeashiria anakuelekeza kwenye kitu ambacho yeye anakiona. Anayedokeza anakupa sehemu ya habari, na kazi ya kuikamilisha anakuachia wewe. Je, protini inayopakwa rangi kwenye kipande cha uvimbe wa pituitari iko daraja lipi?

Historia ya Ki-67, mojawapo ya protini hizo, inajibu. Jina hilo linatokana na mji wa Kiel, Ujerumani, ambako kingamwili yake ilitengenezwa na kutangazwa mwaka 1983. Ki yake si kiambishi cha ngeli, na naomba asitokee mtu wa kuandika "Vi-67". Protini hiyo huonekana katika kiini cha seli iliyo kwenye mzunguko wa kugawanyika, na hutoweka seli inapopumzika. Mwaka 2004 uainishaji wa Shirika la Afya Duniani uliupa uvimbe wa pituitari wenye Ki-67 zaidi ya asilimia 3, pamoja na mgawanyiko mwingi wa seli na protini ya p53 kwa wingi, jina la adenoma isiyo ya kawaida. Jina hilo liliahidi kwamba uvimbe wa namna hiyo utakuwa mkaidi. Ahadi haikutimia kwa uthabiti uliotarajiwa, na mwaka 2017 Shirika hilohilo likalifuta. Mwaka 2013 watafiti walioongozwa na Jacqueline Trouillas wa Ufaransa walikuwa wamependekeza njia nyingine: kasi ya kugawanyika kwa seli isomwe pamoja na ushahidi wa picha kwamba uvimbe umepenya, na mgonjwa afuatiliwe kwa miaka. Kumbe protini peke yake haikuwa imeashiria mwisho wa safari. Ilikuwa imedokeza.

Kwa hiyo nasema kidokezi, na sitakiacha. Liangalieni umbo lake. Kidokezo, kwa -o, ni habari iliyodokezwa. Kidokezi, kwa -i, ni kile kinachodokeza, kama kivumishi kinavyovumisha, kielezi kinavyoeleza na kiwakilishi kinavyowakilisha. Sarufi yetu ilijengwa kwa maumbo haya, na walioyajenga hawakuona haya ya kutumia vitenzi vya Kiswahili. Sikio langu pia linamsikia kudokeza akiwa karibu sana na kudokoa, yaani kumega kidogo kidogo. Kama si ndugu wa damu, ni majirani wa mlango mmoja, na ujirani huo unatufaa, kwa sababu kidokezi chetu hutoka kwenye kinofu ambacho daktari amekidokoa kupitia puani. Mpinzani mmoja ameandika kwamba neno langu "linanuka umbea". Amechanganya kudokeza na kuvumisha. Fununu haina mwenyewe. Kidokezi kina kinofu, rangi, hadubini na daktari aliyetia saini.

Ubora wa neno unaonekana pia katika kile linachokataa kumeza. Kiashiria kimemeza kila kitu: orodha ya kamati inakitumia kwa vipimo vya aina tatu tofauti, na msomaji anatoka bila kujua ameambiwa nini. PIT1, TPIT na SF1 ni protini zinazoonyesha seli za uvimbe ni za ukoo gani. Kazi yake ni kutambulisha, basi ziitwe vitambulishi vya ukoo wa seli. Ki-67 na p53 ni vidokezi vya mwenendo. Vipokezi vya somatostatini vya aina ya 2 hudokeza kama uvimbe utaitikia dawa kama oktreotidi, na upungufu wa protini ya MGMT hudokeza uwezekano wa kuitikia dawa ya temozolomidi. Hivyo ni vidokezi vya mwitikio. Daktari akitofautisha makundi haya matatu, mgonjwa ataelewa kwamba kujua uvimbe ni wa ukoo gani si kujua utakwenda wapi, na kujua utakwenda wapi si kujua utakubali dawa ipi.

Nimeambiwa kwamba nabishania maneno wakati wagonjwa wanasubiri. Hoja hiyo haijui kinachotokea duniani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha jina jipya la uvimbe huu, uvimbe wa nyurondokrini wa pituitari, badala ya adenoma, na wataalamu wakubwa wa fani hiyo walikuwa wamelipinga hadharani kwa sababu linaweza kumtia hofu ya saratani mtu ambaye uvimbe wake, mara nyingi sana, hautasambaa kamwe. Wenye maabara zilizojaa vifaa wanabishana kuhusu jina kwa ajili ya mgonjwa. Sisi tunaambiwa tunyamaze kwa ajili ya orodha.

Kuhusu matumizi: andika "vidokezi vya tishu kuhusu mwenendo wa uvimbe wa pituitari", umoja ni kidokezi, wingi ni vidokezi, na asilimia iandikwe pamoja na jina la protini.

Mgonjwa anayetoka Mbalizi akapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, kisha zaidi ya kilomita 800 hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambako upasuaji wa uvimbe kama huu kupitia puani umeshafanyika, anarudi na karatasi ya majibu. Akikuta kwamba Ki-67 yake imetabiri, atakata tamaa au atajipa uhakika usiokuwepo. Akikuta imedokeza, atauliza swali linalofuata: picha zinasemaje, na nirudi lini kuangaliwa? Swali hilo ndilo linalomrudisha kliniki. Istilahi inayolizaa ndiyo sahihi, na orodha iliyopitishwa bila kulifikiria inapaswa kufunguliwa upya.