Shule ya Sybil Elgar

Shule ya Sybil Elgar, ya watoto wenye usonji, ilifunguliwa Ealing, magharibi mwa London, mwaka 1965, na baadaye ikapewa jina la mwalimu wake wa kwanza. Ilianzishwa na chama cha hisani kilichoundwa na wazazi mwaka 1962, akiwemo daktari wa akili Lorna Wing, ambaye binti yake alikuwa na usonji. Leo chama hicho huitwa National Autistic Society.

Enzi hizo sheria ya Uingereza iliruhusu mtoto kutangazwa kuwa hafundishiki na kunyimwa shule; ruhusa hiyo ilifutwa kwa sheria ya mwaka 1970. Baadhi ya madaktari, bila ushahidi wa maana, waliwalaumu akina mama kwamba ukosefu wao wa upendo ndio uliosababisha usonji. Elgar, aliyesomea mbinu za Montessori na kuanza kufundisha nyumbani kwake, hakujishughulisha na lawama: alitumia ratiba isiyoyumba, maneno machache na vifaa vya kuonekana na kushikwa. Wanafunzi walipokua, chama kikafungua Somerset Court mwaka 1974, makazi ya watu wazima wenye usonji.