Breki ya Ngoma: Kiatu Kinahitaji Soli

Land Rover ile ilikuwa Series III, ile ndefu inayoitwa 109 kwa sababu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109. Ilikuwa imepandishwa juu ya magogo kwenye gereji moja ya wazi mjini Garissa, si mbali na Soko Mugdi. Magurudumu yote manne yalikuwa chini, na mwenye gari, kijana aliyelirithi kwa baba yake, alikaa kivulini akinywa chai ya maziwa. Mimi sikupeleka gari. Nilikwenda na daftari.

Kwa wiki nzima nilikuwa nikitafsiri kitini cha mafunzo kwa vijana wanaojifunza umakanika, nikakwama kwenye kitu ambacho Kiingereza hukiita brake lining, yaani ule ukanda mnene wa kusugulia unaofungwa juu ya kipande cha chuma kilichopinda, ndani ya breki za magari ya zamani. Ukitafuta lining kwenye kamusi unapewa bitana, neno zuri la mafundi cherehani. Niliandika “bitana ya breki” kurasa tatu, na kila nilipoisoma ilinikwama kooni. Nikaona heri niende kwa anayekishika kitu hicho kila siku.

“Adeer,” nilimuuliza fundi, mzee aliyechuchumaa kando ya gurudumu la mbele, “hii mnaiita nini?”

“Lainingi.”

“Na kwa Kiswahili?”

Akanitazama kama niliyeuliza jina la jua. “Hiyo ndiyo Kiswahili, kijana wangu. Hapa kila mtu anajua lainingi.”

Alikuwa na haki. Neno linalotumiwa kazini na kueleweka kuanzia Garissa hadi Mandera halihitaji ruhusa ya mtu mwenye daftari. Lakini mwanafunzi anayesikia “lainingi” kwa mara ya kwanza hapati chochote ndani ya neno lenyewe. Halimwambii kitu hicho kinafanya nini, kinaisha vipi, wala kwa nini kikiisha lazima gari lisimame. Neno la mafunzo linapaswa kufundisha hata kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Tuanze na chombo chenyewe. Kwenye kila gurudumu kuna chombo kikubwa cha chuma cha kalibu, mfano wa sufuria isiyo na mpini iliyolazwa ubavu, kinachozunguka pamoja na gurudumu. Hicho ndicho Waingereza wanachokiita drum, na gereji inakiita dramu. Ndani yake kuna vipande viwili vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga, visivyozunguka, vilivyoshikiliwa kwenye bamba la nyuma. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki yanaingia kwa nguvu kwenye silinda ndogo, silinda inavitawanya vipande vile, na vinasugua ukuta wa ndani wa chombo kinachozunguka. Mwendo unageuka joto. Ukiachia pedali, springi zinavirudisha mahali pake.

Mwanzoni sikulipenda jina “ngoma”. Nilifikiri limefasiriwa kwa pupa na mtu aliyekumbuka maana ya kwanza ya drum na kusahau kwamba neno hilohilo la Kiingereza ni pipa la mafuta. Ngoma hupigwa kwa nje, nayo inatoa sauti. Kitu hiki kinasuguliwa kwa ndani, na kikitoa sauti ujue kuna ubovu. Wafaransa nao wanasema tambour na Wajerumani Trommel, wote wakiwa na ngoma ya muziki akilini, lakini kosa likirudiwa na watu wengi haliwi sahihi kwa wingi wao. Nilikuwa tayari kutetea “pipa la breki”.

Fundi ndiye aliyenigeuza, bila kujua. Alipoitoa dramu ya kwanza, aliifuta, akaining’iniza kwenye kidole kimoja kupitia tundu la katikati, akaigonga kidogo kwa mpini wa nyundo. Ikalia kama kengele, sauti ndefu. Akaiweka kando. Ya pili ikalia vilevile. Ya tatu, ya nyuma kushoto, ilitoa sauti fupi, butu, kama chungu chenye ufa. Hakusema kitu, aliigeuza juani, akapitisha ukucha ndani, na ufa ukaonekana, mwembamba kama unywele, ukitokea kwenye tundu la boliti. Chuma cha kalibu kizima huimba. Kilichopasuka hunyamaza. Ngoma ile ilitupwa, na kijana aliyekuwa kivulini akaacha chai yake.

Basi ni ngoma, na inapigwa. Nililifuta “pipa” papo hapo.

Vipande vinavyosugua Kiingereza huviita shoes, viatu, na gereji za Kenya husema “breki shuu”. Hapa lugha zimeachana. Kifaransa huviita mâchoires, mataya, na Kijerumani huviita Backen, mashavu au mataya pia. Mwenye kuona taya anaona kitu kinachouma. Lakini taya huuma kuelekea ndani, na vipande hivi vinasukuma kuelekea nje. Kiatu ni bora zaidi, kwa sababu kiatu hukanyaga. Tena kiatu cha Kiingereza hakikutoka hewani: zamani za mikokoteni ya farasi, dereva aliposhuka mlima aliweka kipande cha chuma chini ya gurudumu ili liburutike badala ya kubingirika, na kipande hicho kiliitwa kiatu. Garissa, mji wa mikokoteni ya punda, haupati taabu kuliona hilo.

Kwa hiyo tuna ngoma na tuna kiatu, maneno mawili ambayo hata mtoto anayajua. Linabaki lile la tatu, na hapo ndipo Kiingereza kilipojichanganya. Kilikuwa kimeanza na kiatu, kisha juu ya kiatu kikaweka bitana. Bitana iko ndani ya koti. Haionekani, haigusi barabara, kazi yake ni kulifanya vazi lisiwashe na likae vizuri mwilini. Kitu kilicho juu ya kiatu cha breki kina kazi iliyo kinyume na hiyo kabisa: kinagusa, kinasuguliwa, kinaliwa, na kimewekwa ili kiliwe chenyewe chuma kisalie. Kwenye kiatu, kitu cha namna hiyo tunacho na kina jina. Ni soli.

Nililiandika neno hilo nikiwa nimekaa juu ya tairi, na kila nililoliona mchana ule lililiunga mkono. Soli ikiisha hatutupi kiatu, tunampelekea fundi viatu aweke nyingine. Ndivyo fundi wa breki anavyofanya, anabakiza chuma na kubadilisha kinacholiwa. Soli huisha zaidi upande mmoja kwa kadiri mtu anavyokanyaga. Soli ya breki nayo huisha hivyo. Soli ikiisha kabisa misumari inaanza kukwaruza sakafu. Soli ya breki ikiisha, vichwa vya ribiti vinachora michirizi ndani ya ngoma, na hapo gharama inaongezeka. Ukimwambia kijana wa Garissa aliyevaa akala za mpira wa tairi kwamba kiatu cha breki kimeisha soli, huna haja ya kumchorea picha ubaoni.

Tena historia inaunga mkono. Herbert Frood, Mwingereza aliyeanzisha kampuni ya breki ya Ferodo mwaka 1897, inasimuliwa kuwa alipata wazo lake kwa kuwatazama waendesha mikokoteni kwenye vilima vya Derbyshire wakifunga buti kuukuu kwenye kigogo cha breki ili kishike vizuri zaidi. Soli ya kwanza ya breki ilikuwa soli kweli. Baadaye Frood alitumia nyuzi zilizofumwa na kuloweshwa, kitambaa hasa, na labda ndiyo sababu mafundi wa Saudia hadi leo huita soli za breki kwa neno la Kiarabu la kitambaa, qumash. Wenye kupenda bitana wanaweza kushika hoja hiyo. Mimi naona kitambaa kilipita na buti limebaki.

Kuna jambo moja ambalo jina la kiatu peke yake halilielezi, nalo ni siri kubwa ya breki hii. Viatu viwili vilivyo ndani ya ngoma havifanyi kazi sawa. Mchungaji anayetembea akisukuma fimbo mbele yake, ncha ikiwa chini, anajua fimbo itakwama: kadiri anavyokwenda ndivyo inavyojichimbia. Akiiburuta nyuma yake, inafuata bila ugomvi. Kiatu kimoja kwenye ngoma ni fimbo ya mbele. Mzunguko wenyewe unakivuta na kukikandamiza zaidi kwenye ukuta, hata mguu wa dereva unapata msaada ambao haukuuomba. Kingine ni fimbo ya nyuma. Gereji zinasema “shuu ya mbele” na “shuu ya nyuma”, na hapo mwanafunzi anapotea, kwa sababu ukirudi rivasi mambo yanageuka, cha mbele kinakuwa kivivu na cha nyuma ndicho kinachojichimbia. Mimi naandika kiatu kitangulizi na kiatu kifuasi, kwa kufuata mzunguko, si kwa kufuata mahali. Breki za mbele za 109 zina silinda mbili kila gurudumu, na viatu vyote viwili ni vitangulizi gari likienda mbele. Zinashika sana. Likirudi nyuma kwenye mteremko, vyote viwili vinageuka vifuasi, na dereva asiyelijua hilo hushtuka.

Matengenezo yenyewe yalichukua siku mbili. Ngoma tatu zilizosalia zilikuwa na michirizi, na moja haikuwa duara tena. Ikizunguka, pedali ingetikisika mguuni. Zilipelekwa kwenye mashine. Gereji zinaita kazi hiyo “kuskimu”, na hapa sina subira kabisa, maana Kiswahili kinalo neno lake la karne nyingi: kukereza. Mafundi wa pwani walikereza miguu ya vitanda kabla gari halijafika Afrika Mashariki. Ngoma inakerezwa. Inaondolewa chuma kidogo mpaka ukuta uwe laini na duara iwe kamili, lakini isipite kipimo alichoweka mtengenezaji, kwa kuwa ukuta mwembamba hushika joto haraka na kupasuka.

Soli mpya zilifungwa kwa ribiti za shaba, kuanzia katikati kwenda kwenye ncha ili soli isikae na uvimbe, na vichwa vya ribiti vilizama chini ya uso. Ncha za soli zilipigwa tupa kidogo zisikwaruze. Silinda mbili za magurudumu zilikuwa zinavuja. Hizo zilibadilishwa kwanza, kwa sababu soli iliyonywa mafuta ya breki haisafishiki, inateleza milele.

Vumbi ndilo lililonikera. Ngoma ni chombo kilichofungwa, na kwa hiyo kinachoingia hakitoki kirahisi. Njia ya Wajir ina mchanga mwembamba, na mvua zikinyesha kuna laga, yaani mito ya msimu, za kuvuka; mchanga na maji vikikutana ndani ya ngoma, soli inasagwa kama mahindi kwenye jiwe. Mzee alizigonga ngoma zote nje, akazifuta kwa tambara lenye maji. Kijana wake alikuwa ameshika mpira wa kompresa apulize. Nilimshika mkono. Soli kuukuu za magari ya miaka ile zilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi la asbestosi likiingia mapafuni linaweza kuleta saratani baada ya miaka mingi, mtu akiwa ameshasahau gari lenyewe. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999, lakini magari yaliyotoka huko yapo hapa. Kitini changu sasa kina sentensi hiyo kwenye ukurasa wa kwanza, kabla ya istilahi yoyote: lowesha, usipulize.

Jioni ya siku ya pili, ngoma nyingine ikiwa imepatikana badala ya ile iliyopasuka, hewa ikatolewa kwenye mabomba, kisha mzee akapita kila gurudumu na spana, akikaza nati ya nyuma ya bamba mpaka gurudumu likagoma kuzunguka, halafu akilegeza kidogo mpaka likazunguka huru, sikio lake likiwa karibu na chuma. Nilimsomea orodha yangu. Ngoma, akakubali. Kiatu, akakubali. Kukereza hakuwahi kulisikia, akalirudia mara mbili. Nilipofika “soli” alinyamaza, akatazama soli kuukuu zilizokuwa chini, zimeisha mpaka kwenye ribiti.

“Hii imeisha soli,” alimwambia kijana wake, akaokota moja na kumrushia. “Peleka kwenye mfuko, usilete vumbi.”

Kisha akamwita mwenye gari. Soli mpya na ngoma iliyokerezwa hazijagusana kila mahali. Zinagusana kwenye vilima vidogo tu, na mpaka vilima hivyo viishe breki haina nguvu zake zote. Kiingereza kina jina la kitaalamu kwa kipindi hicho. Mzee alisema, “Waache wazoeane.” Nikaandika: kuzoeana.

“Nenda Modika urudi,” alimwambia. “Polepole. Shika breki kidogo kidogo, usikanyage kwa nguvu. Kesho asubuhi niletee tena, nikaze.”