Dakika Tatu za Mpagazi: Mashine za Kunasa Sauti na Muziki wa Unyamwezi

Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig aliteremka Lindi akiwa na fonografu, shehena ya silinda za nta na kamera ya filamu. Alikuwa amekusudia kwenda Kondoa-Irangi, lakini machafuko ya huko yakamfanya ageuzie safari kusini, katika nchi iliyoteketezwa na Vita vya Maji Maji. Wapagazi wake walikuwa Wanyamwezi, na mnyampara wao anatajwa katika kitabu cha safari hiyo kwa jina la Pesa Mbili. Nao waliimba mbele ya mashine. Kwa hiyo baadhi ya sauti za mwanzo za Unyamwezi zilinaswa mbali na Tabora, kitovu cha nchi yao, kutoka kwa watu waliokuwa kazini. Miaka mitatu baadaye Erich von Hornbostel, mkuu wa Hazina ya Fonogramu ya Berlin, alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi katika jarida la Anthropos.

Tangu hapo watafiti wamezoea kuzichukulia rekodi za kale kama ushahidi wa jinsi nyimbo zilivyokuwa. Nadhani kwanza ni ushahidi wa mashine.

Fonografu haikuwa na umeme wala maikrofoni. Sauti iliingia kwenye pembe, ikatikisa kiwambo chembamba, nacho kikasukuma sindano iliyochimba mfuo katika nta. Nguvu yote ya kuchimba ilitoka kifuani mwa mwimbaji, kwa hiyo ilimbidi asogee hadi mdomoni mwa pembe. Kiongozi mmoja aliweza. Waitikiaji ishirini waliosimama nyuma yake walisikika kama mvumo wa mbali, na mshindo mzito wa ngoma uliingia kwa shida au haukuingia kabisa. Silinda yenyewe ilijaa kwa dakika mbili au tatu.

Sasa tuukumbuke wimbo wenyewe. Tangu siku za Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwaka 1857, wageni waliandika juu ya wapagazi walioimba njiani na kambini: mmoja anatoa, kundi linapokea. Wimbo wa namna hiyo hauna urefu wake wenyewe. Unakwenda na mwendo, mzigo na hamu ya watu. Kiongozi hutunga papo hapo, akitaja njaa, bwana mwenye mkono wa birika, mto uliofurika. Ukiukata dakika ya tatu, unabaki na mlango wa nyumba ambayo hujaingia. Anayesoma nota za silinda na kuhitimisha kwamba nyimbo hizo zilikuwa fupi na zenye kurudiarudia anaeleza kipimo cha nta.

Kamera nayo ilichukua mwendo bila sauti, huku fonografu ikichukua sauti bila mwendo. Ngoma, ambayo kwetu ni mlio na mchezo kwa pamoja, iligawanywa vipande viwili.

Kipimo hicho hakikukoma na nta. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 iliondoa sehemu kubwa ya kazi ya mpagazi, na mji ukaendelea kuwa njia panda ya muziki, kwa bendi za dansi: Kiko Kids wa Salim Zahoro, kisha Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilibeba dakika tatu au nne kila upande. Ndiyo maana nyimbo nyingi za dansi ziligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule, na msikilizaji ageuze santuri pale pale magitaa yanapoanza kuchemka.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Ilitegemea Nairobi, na mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977. Kilichobaki ni studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam na kanda zake za sumaku. Unyonge huu wa kibiashara ulikuwa na faida ambayo haijathaminiwa vya kutosha. Kanda kubwa inaweza kwenda nusu saa na zaidi, hivyo bendi haikulazimika kukatiza pale wachezaji wanapopamba moto. Kwa mwanahistoria wa umbo la muziki, kanda ile ina uzito zaidi kuliko santuri ya wimbo uleule, hata kama santuri inasikika safi zaidi.

Silinda za Hazina ya Fonogramu ya Berlin ziliingizwa katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO mwaka 1999. Nyingi zilitengenezewa kalibu za shaba, kwa hiyo inawezekana kuzitolea nakala. Nakala za nyimbo za Wanyamwezi zinastahili kufika Tabora, pengine katika makumbusho ya tembe la Livingstone pale Kwihara, zisikilizwe na wazee wanaojua Kinyamwezi cha zamani. Wao ndio wanaoweza kutuambia kiongozi alikuwa anaelekea wapi nta ilipokwisha.